Kisa cha Mzee Aliyetekwa: Namna ya Kukihakiki Pamoja na Wanafunzi

Aghalabu mwalimu wa Historia huwaagiza wanafunzi waende nyumbani wakaulize habari za ukoo. Kesho yake mtoto mmoja husimama na kusema kwamba, kwa masimulizi ya bibi yake, mzee wao mmoja alitekwa utotoni akapelekwa mbali na asirudi tena. Mwalimu hushukuru, huandika neno moja ubaoni, kisha huendelea na andalio lake. Kwa maoni yetu, hapo ndipo somo lilipokuwa linaanza. Kisa cha namna hiyo chaweza kuhakikiwa, na njia yake yaweza kufundishwa hata katika Darasa la Sita.

Mfano wetu unatoka mbali, Amerika ya Kaskazini. Tumeuchagua kwa kuwa maandishi yamesalia kule mateka walikotoka na kule walikopelekwa.

Alfajiri ya tarehe 29 Februari, 1704, kijiji cha Deerfield, Massachusetts, mpakani mwa makoloni ya Waingereza, kilivamiwa na Wafaransa kutoka Kanada pamoja na wapiganaji wa mataifa ya wenyeji, wakiwamo Wamohawk na Waabenaki. Watu 112 walitekwa, wakaswagwa kwa miguu katika theluji mwendo wa kilometa zipatazo 480. Wengine walikufa njiani, wengine walikombolewa, na wengine wakabaki huko maisha yao yote. John Williams, mchungaji wa kijiji, alirudi mwaka 1706 na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha masaibu yake. Binti yake Eunice, aliyetekwa akiwa na umri wa miaka 7, hakurudi. Alilelewa na Wamohawk wa Kahnawake, akasahau Kiingereza, akaolewa huko. Baba yake alipomfuata mwaka 1714, alikataa kuondoka.

Eunice alikuwa mtoto wa mtu mashuhuri, hivyo habari zake hazikupotea. Ugumu ulikuwa kwa watoto wa wakulima, ambao kwao walibakia majina tu katika orodha ya mateka. Mwishoni mwa karne ya 19 mwalimu mmoja wa kike, C. Alice Baker, alisafiri hadi Kanada kupekua madaftari ya parokia: ya ubatizo, ndoa na maziko. Kitabu chake kilitoka mwaka 1897. Kazi hiyo iliendelezwa na mwenzake, Emma Lewis Coleman, aliyechapisha majuzuu mawili mwaka 1925.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa majina. Padre Mfaransa aliandika jina la Kiingereza kama sikio lake lilivyolipokea, na juu yake akaongeza jina la ubatizo. Mtoto Josiah Rising akawa Ignace Raizenne. Anayemtafuta Josiah katika daftari la Kanada hatamwona kamwe, hata akipekua mwaka mzima. Humpata kwa kulinganisha umri, mahali, wazazi, na hata mke: Raizenne alimwoa mwaka 1715 Abigail Nims, aliyetekwa Deerfield siku ile ile. Jambo moja likilingana huenda ni bahati tu. Yakilingana manne, twaweza kuandika jina kwa wino. Kwetu nako hali ni hiyo hiyo. Watoto waliokombolewa utumwani na kupokewa na wamisionari Bagamoyo, ambako misheni ilianzishwa mwaka 1868, walipewa majina mapya ya Kikristo.

Kikwazo cha pili ni tarehe. Waingereza wa wakati huo walikuwa bado na kalenda ya zamani, na mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo siku moja ya uvamizi yaweza kuandikwa 29 Februari, 1703 katika hati ya Kiingereza, na 11 Machi, 1704 katika hati ya Kifaransa. Mwanafunzi asiyejua hayo atadhani vijiji vilivyovamiwa ni viwili. Katika pwani yetu hati nyingi za zamani zina tarehe za Hijria, na bara wazee huhesabu kwa matukio, kama vile Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Kikwazo cha tatu ni tamaa ya utukufu. Eleazer Williams, kitukuu wa Eunice, alidai kwamba yeye ndiye mwana wa mfalme wa Ufaransa aliyepotea, na wapo waliomsadiki. Mwaka 2000 uchunguzi wa vinasaba vya moyo uliohifadhiwa ulithibitisha kwamba mwana huyo wa mfalme alikufa gerezani Paris mwaka 1795. Nasi tumesikia madarasani wazee wengi waliotekwa ambao, kwa ajabu, wote walikuwa wana wa machifu.

Hata hivyo, daftari nalo lina mipaka. Lataja aliyebatizwa na aliyeolewa. Halisemi kwa nini Eunice alikataa kurudi. Baba yake aliacha kitabu, yeye hakuacha. Kwa sababu hiyo masimulizi ya bibi yaandikwe kwanza neno kwa neno, pamoja na jina la msimulizi na tarehe, kabla ya kusahihishwa na yeyote. Masahihisho yakae ukurasa wa pili.

Jambo moja mwalimu mwanafunzi asilipuuze anapokwenda mazoezini. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa baadhi ya wanafunzi, aliyetekwa ni babu wa babu tu, na pengine wazee wamelificha jambo hilo kwa heshima ya ukoo mbele ya majirani. Kwa hiyo darasa zima lifanye zoezi juu ya Rising na Raizenne ubaoni. Mtoto anayetaka kufuatilia kisa cha kwao alete kwanza ruhusa ya wazee wake, na daftari lake lisomwe na mwalimu peke yake mpaka wazee hao watakaposema vinginevyo.