Taa ya eabagi: lipa hitilafu itengenezwe, si taa izimwe

Mwaka jana shangazi yangu alinunua gari lake la kwanza. Gari dogo la Kijapani, lina miaka kadhaa barabarani, lakini safi. Wiki ya pili, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi na ikakataa kuzima. Akapitia kwa fundi wa karibu na nyumbani. Fundi akaitazama, akacheka kidogo: "Mama, hiyo ni kitu ndogo. Tuma elfu tatu nikuzimie."

Akatuma. Taa ikazima. Kwa miezi mitatu akawabeba binamu zangu kwenda shule akiamini mambo ni sawa.

Kisha akapeleka gari kwa gereji nyingine kurekebishiwa breki. Fundi wa pili alipofungua swichi, akamuuliza swali moja: "Mbona taa ya eabagi haiwaki kabisa?" Walipofungua dashibodi, wakakuta kipande cha utepe mweusi kimebandikwa juu ya taa. Hitilafu ilikuwa pale pale. Shangazi alikuwa amelipia utepe.

Kama una gari la mtumba, na wengi wetu tunaendesha hayo, soma hadi mwisho. Hii ni stori ya usalama, na pia ni stori ya pesa.

Taa hiyo inasema nini?

Eabagi ni ule mfuko uliokunjwa ndani ya usukani na dashibodi, unaojaa hewa kwa kufumba na kufumbua gari likigonga kitu kwa nguvu. Taa yake ni picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake, au herufi SRS.

Ukifungua swichi, taa hii inafaa iwake kwa sekunde chache, kisha izime yenyewe. Hapo kompyuta ya gari inajipima. Kuna mambo matatu ya kuangalia:

- Inawaka kisha inazima: mfumo haujaona hitilafu.
- Inabaki ikiwaka, au inawaka na kuzima mara kwa mara: kuna kasoro. Gari likigonga, huenda eabagi isifunguke.
- Haiwaki kabisa: usifurahi. Ama taa yenyewe imekufa, ama kuna mtu ameificha.

Shida ni kwamba gari lenye kasoro hii linatembea vizuri tu. Halinguruma vibaya, halili mafuta zaidi. Ndiyo maana ni rahisi kuipuuza, na ni rahisi kukuuzia ujanja.

Kasoro za kawaida kwenye gari lililozeeka

Si kila taa inamaanisha gharama kubwa. Mara nyingi chanzo ni kimojawapo cha hivi:

*Waya wa kuzunguka ndani ya usukani.* Huu umejikunja kama utepe na unazunguka kila unapokata kona. Baada ya miaka mingi unakatika. Dalili ya kukusaidia: honi au vitufe vya usukani navyo vinaacha kufanya kazi. Hii ndiyo iliyokuwa shida ya gari la shangazi. Honi ilikuwa imekufa zamani, akadhani ni jambo tofauti.

*Viunganishi vya njano chini ya viti.* Vinalegea kiti kikisukumwa mbele na nyuma, au vinaingia maji gari likioshwa ndani. Wakati mwingine kusafisha na kukaza vizuri kunatosha.

*Betri dhaifu.* Umeme ukishuka sana, kompyuta inaweza kuhifadhi kosa hata baada ya kuweka betri mpya.

*Ajali ya zamani.* Hii ndiyo mbaya. Eabagi ikishafunguka haikunjwi na kurudishwa. Inabadilishwa, pamoja na vifaa vingine vya mfumo huo. Kuna wauzaji wanaoshona kifuniko na kuweka kifaa kidogo cha kudanganya kompyuta kwamba eabagi ipo. Hapo taa itawaka na kuzima kama kawaida. Kwa hivyo kabla ya kununua, lipia fundi wako mwenyewe apime gari kwa mashine. Usitegemee fundi wa broka.

Tahadhari moja: usijaribu kazi hii nyumbani. Eabagi inafunguka kwa mlipuko mdogo. Toyota, kwa mfano, huagiza fundi achomoe betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa mfumo huo.

Kuna hatari ambayo taa haionyeshi

Huenda umesikia jina Takata. Ni kampuni ya Japani iliyotengeneza eabagi za magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine mengi, na ikafilisika 2017. Kemikali iliyotumika ndani ya baadhi ya vijazio vyake huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu. Ikilipuka, inaweza kupasua chuma na kurusha vipande kwa dereva. Mamilioni ya magari yaliitwa kurudi kutengenezwa. Ukiishi Mombasa au Kilifi, unaujua unyevunyevu.

Kasoro hii haiwashi taa. Njia ya kujua ni kuchukua nambari ya chesi kwenye logbook na kuiangalia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari, au kuuliza mwakilishi wake hapa nchini.

Na ukaguzi?

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na gari linakaguliwa kule linakotoka kabla ya kupakiwa melini. Hapa nyumbani, matatu na magari mengine ya abiria hukaguliwa kila mwaka, na Sheria ya Trafiki inalenga pia magari yaliyozidi miaka 4 tangu kuundwa. Maana yake, gari lako la mtumba huenda lilifikisha umri huo kabla hata halijashuka bandarini.

Kule Uingereza, taa ya eabagi ikionyesha hitilafu, gari linafeli ukaguzi. Japani nayo haipitishi gari ambalo taa hiyo inawaka. Wewe usingoje mkaguzi akwambie. Cheti kinasema gari lilikuwaje siku ile moja. Wewe ndiye unayeliendesha siku zilizobaki.

Sasa tuongee pesa

Shangazi alipompigia fundi wa kwanza, jibu lilikuwa, "Hiyo pesa ilikuwa ya service." Ujumbe wa simu ulionyesha jina, tarehe na Sh3,000. Haukuonyesha alilipia nini. Hakurudishiwa kitu. Ili yasikupate:

1. Tenganisha malipo. Lipa kwanza ada ya kupima gari. Omba upigiwe picha ya kosa linaloonekana kwenye mashine. Ndipo mkubaliane bei ya kutengeneza.
2. Andika makubaliano kwa SMS au WhatsApp kabla ya kutuma. "Nakutumia 4,000 ya kubadilisha waya wa usukani, gari nambari fulani." Fundi akijibu "sawa", una ushahidi.
3. Lipa kwa nambari ya Till ya gereji, si nambari ya mtu. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa la mtu usiyemjua, simama uulize.
4. Bakisha kiasi. Malizia baada ya kuona taa ikiwaka na kuzima, na kifaa kilichotolewa ukiwa nacho mkononi.
5. Ada ya ukaguzi ilipe mwenyewe. Ingia eCitizen, chagua huduma za NTSA, pata ankara na ulipe kwa Paybill 222222 ukitumia nambari ya akaunti uliyopewa. Yeyote anayekwambia "nitumie kwa hii namba nikupitishie" anakuuzia karatasi, na gari linabaki na ugonjwa wake.
6. Usifute ujumbe wa malipo. Siku ukiuza gari, rekodi ya matengenezo inakusaidia kutetea bei yako.

Gari la shangazi lilitengenezwa. Waya ulibadilishwa, utepe ukatolewa, na honi ikarudi. Alilipa mara mbili kwa kazi moja.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, fungua swichi utazame ile picha ya mtu aliyeketi. Iwake, kisha izime. Isipofanya hivyo, unajua pa kuanzia.