Kijana wa Bunduki Aliyetoa Albamu

Mwezi huu tunaanzia Bugembe, nje kidogo ya Jinja ukishika barabara ya kwenda Iganga. Mama mmoja wa hapa kambini ana kijana anayesoma huko. Likizo alirudi na daftari. Mama akafikiri ni la hesabu, kumbe limejaa mistari ya rap! Eti anataka kurekodi albamu. Mama akatuuliza, jamani, huu si uhuni tu?

Hatukumjibu haraka. Tulimweleza habari ya Emmanuel Jal.

Jal ni Mnuer wa Sudan Kusini, wala tarehe yake ya kuzaliwa haijui. Vita vilimchukua mama yake, baba akaingia SPLA. Yeye alipelekwa Ethiopia pamoja na watoto wengine, wazazi wakiambiwa kwamba huko kuna shule. Akapewa bunduki. Baadaye alitoroka na watoto karibu 400. Kwa maelezo yake mwenyewe, wengi walikufa njiani kwa njaa na kiu. Waliofika Waat walikuwa wachache sana.

Huko Waat ndiko alikutana na Emma McCune, Mwingereza wa misaada, mke wa kamanda Riek Machar. Emma akamficha ndani ya ndege mpaka Nairobi, akamtia shule. Lakini mwaka 1993 Emma akafa kwa ajali ya gari hukohuko Nairobi, na mtoto akabaki tena bila mtu. Wenye kulea watoto wa wengine hapa kambini mnaelewa hiyo maana yake nini.

Kuimba alianza kanisani, kwa nyimbo za Mungu. Halafu ikaja Gua, albamu yake ya kwanza. Kwa Kinuer neno hilo ni amani, na kwa Kiarabu cha Sudan ni nguvu. Wimbo wenye jina hilo ulivuma sana Kenya, na ndani ya kazi yake utasikia Kiingereza, Kiarabu, Kinuer, hata Kiswahili chetu hiki. Sisi tunaona hapo ndipo alipowashinda wengi: hakujifanya mtoto wa New York. Aliimba lugha za watu waliokimbia.

Mwaka 2005, mwaka uleule mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa sahihi Nairobi, akatoa albamu nyingine, Ceasefire, pamoja na Abdel Gadir Salim, mzee Mwislamu wa kaskazini. Mkristo wa kusini na Mwislamu wa kaskazini kwenye kanda moja! Mwaka 2008 ikafuata Warchild. Kisha akakaa siku 661 akila mlo mmoja tu kwa siku, ili zipatikane pesa za kujenga shule huko Leer, kwa jina la Emma.

Amani haikudumu, si mnajua. Desemba 2013 vita vikarudi Sudan Kusini, na wengine wenu mlifika Uganda kwa sababu hiyo.

Mama alinyamaza kidogo. Halafu akamwita kijana, akamwambia asome lile daftari kwa sauti. Alisoma kurasa mbili, aibu imemjaa. Kuhusu studio mama bado hajakubali, pesa yenyewe iko wapi? Lakini ameomba kitu kimoja: ubeti unaomtaja marehemu baba yake auandike kwa Kiswahili, ili bibi naye asikie.