Ramani ya Kioo na Mafungu Yasiyoonekana

Kompyuta mpakato au kishikwambi kinapotumiwa kuongozea chombo cha tanga, kazi yake ni kuunganisha mambo mawili ambayo zamani nahodha aliyaunganisha kwa mkono wake, yaani mahali chombo kilipo, panapojulikana leo kwa ishara za setilaiti za GPS, na ramani ya bahari inayoonyesha vina, miamba na minara. Ramani hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni picha ya ramani ya karatasi, ambayo huhifadhiwa kama ilivyo. Ya pili, iitwayo ramani ya vekta, ni hazina ya taarifa ambamo kila mwamba, boya na mstari wa kina umeandikwa peke yake, pamoja na kiwango cha ukuzaji unachoanzia kuonekana. Kila ramani hii ya pili inapokuzwa au kupunguzwa, ni programu inayoamua kipi kichorwe na kipi kiachwe, kwa kuwa kioo kidogo kikichorwa kila kilichomo katika bahari nzima hakitasomeka.

Hatari imo katika uamuzi huo, na ushahidi wake ulio wazi kabisa umo katika Bahari ya Hindi. Mnamo tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya Team Vestas Wind, iliyokuwa katika mashindano ya kuzunguka dunia ya Volvo Ocean Race ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda mwamba usiku katika mafungu ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius, ikienda kwa kasi ya takriban noti 19, noti moja ikiwa ni mwendo wa kilomita 1.85 kwa saa. Mabaharia wote tisa waliokoka. GPS haikukosea hata kidogo. Ramani ilikuwa imetazamwa ikiwa imepunguzwa mno, na katika kiwango hicho eneo lile lilionyesha vina vya mita 40 hivi, ilhali mafungu yenyewe, yaliyotanda kwa makumi ya kilomita, yangejitokeza waziwazi laiti ramani ingekuzwa.

Kwa hiyo njia iliyochorwa kwenye kioo haifai kuaminiwa mpaka ikaguliwe kipande kwa kipande, ramani ikiwa imekuzwa vya kutosha, na ni bora kazi hiyo ifanywe bandarini, kabla usingizi na mawimbi havijamlemea anayeifanya. Hata hapo ibakie tahadhari, kwani GPS hukosea mahali kwa mita chache tu, lakini vina vya baadhi ya sehemu vilipimwa kwa bildi, yaani kamba yenye risasi, katika karne ya 19, na mwamba waweza kuwa mbali na ulipochorwa.

Kifaa chenyewe nacho kina mipaka. iPad isiyopokea mtandao wa simu haina kipokezi cha GPS ndani yake, hivyo huhitaji kipokezi cha nje. Tena Apple huelekeza itumiwe penye joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi, kiwango ambacho jua la tropiki hukipita upesi juu ya sitaha, na kifaa kikizidiwa hujizima. Hata hivyo, mahali pa chombo, mwelekeo na kasi vikiandikwa daftarini kila saa, nahodha ataweza kuendelea kukadiria safari kwa dira, saa na penseli.