Kakai wa Kikamba na Kakai wa Kiswahili

Waswahili tuna methali mbili zisizopikika chungu kimoja. Ya kwanza yasema ya kale ni dhahabu. Ya pili yajibu kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimezisikia zikishikana mieleka huko Ukambani, na kisa ni marehemu Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers.

Mwanzo nilikuwa Wote, makao makuu ya Makueni, kibandani kwa fundi wa redio. Mzee mmoja alishikilia kwamba Kakai hasa ni yule wa santuri za miaka ya 1970, aliyeimba Kikamba kitupu. Alipoingia katika Kiswahili alipata soko, akapoteza utani wa nyumbani. Kwani lipo fumbo la Kikamba ambalo ukilifasiri hugeuka maji ya kunawa.

Nikavuka Mto Athi hadi Kitui. Huko utingo mmoja wa matatu akanijibu kinyume. Bila Kiswahili, alisema, nani nje ya Ukambani angalimjua Kakai? Kisha akanitupia swali: na yale magitaa, nayo yalibadili lugha?

Hapo nilinyamaza, maana mimi ni shahidi. Sisi wa pwani tulimjua Kakai kwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Lamu wala cha Mvita, lakini kilibeba mambo ya watu wa kawaida, tukaelewa. Tena tusimlaumu bure. Zama hizo hapakuwa na Musyi FM ya kutangaza Kikamba mchana kutwa. Redio ilikuwa Sauti ya Kenya, na aliyetaka kusikika nchi nzima alipitia idhaa yake ya Kiswahili. Msanii naye hula.

Jambo moja mzee na kijana waliliafiki bila kujuana. Santuri za siku zile zilikuwa ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, hata wimbo ukakatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno. Ukiigeuza, magitaa huachiwa yakimbizane. Kwa huo upande wa pili, Mkamba na Mswahili hucheza sawa.

Kakai alifariki mwaka 1987, akiwa hajazeeka. Basi hicho tunachokiita "kale" na "kipya" ni kazi ya miaka michache tu, na hapana nyingine itakayoongezeka. Itakayopungua ipo: santuri huchunika, kaseti hukatika, na warithi hutupa wasichokijua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Mbooni, Mutomo au Mwingi, ikiwa una santuri ya Kilimambogo uvunguni, usiulize kwanza imeimbwa kwa lugha gani. Ipanguse vumbi, uinakili, kisha ubishi uendelee.