Bastola ya Webley: Sifa Iliyopanda na Kushuka

Bastola si kitu kigeni katika historia ya Buganda. Mwaka 1862 Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa, miongoni mwa zawadi zake ilikuwamo bastola. Baadaye maofisa wa Kiingereza wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, walivaa bastola kiunoni, na nyingi zilikuwa za Webley. Yafaa tujue habari za kampuni hiyo.

Philip Webley alikuwa fundi wa Birmingham, Uingereza. Mkwewe alikuwa na biashara ya kalibu za risasi. Webley akaiendeleza hata akatengeneza bastola zenyewe. Mwaka 1868 polisi wa Ireland walichagua bastola yake, na mwaka 1887 jeshi la Uingereza likafuata. Kwa nini? Bastola hii ya risasi sita ilikunjuka katikati, maganda yote yakatoka kwa mara moja, na mwenyewe akajaza upya upesi. Tena ilikuwa imara. Mwaka 1897 kampuni iliungana na nyingine, ikaitwa Webley & Scott.

Hiyo ndiyo sifa iliyosimuliwa na mwenye kushika mpini. Aliyeelekezewa mdomo wa bastola alikuwa na habari nyingine. Mwaka 1898 ilitolewa risasi ya bastola hizi yenye tundu kichwani, ili ipanuke mwilini na kumwangusha mtu papo hapo. Ilikusudiwa polisi na makoloni. Mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 ulikataza risasi zinazopanuka, na mwaka 1900 ikaondolewa jeshini.

Basi, kampuni ilianguka vipi? Ilitegemea mteja mmoja mkubwa, yaani serikali. Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918 haja ya bastola ilipungua, na sheria ya mwaka 1920 ikawalazimu raia wa Uingereza kupata kibali cha polisi. Kisha serikali ilitaka bastola nyepesi zaidi. Webley walisaidia kuibuni, lakini serikali ikaitengeneza katika kiwanda chake cha Enfield, na mwaka 1932 ikaanza kutumika jeshini. Kampuni ilidai pauni 2,250. Kwanza ikanyimwa, mwishowe ikapewa 1,250. Hata hivyo, vita vya pili vilipokuja na Enfield isitosheleze, serikali ilirudi kununua kwa Webley.

Mwaka 1979 kampuni iliacha kutengeneza silaha za baruti. Ilibaki na bunduki za upepo, kazi iliyoianza mwaka 1924. Na mwaka 1997, baada ya watoto wa shule kuuawa kwa bastola huko Dunblane, Scotland, mwaka uliotangulia, Uingereza yenyewe iliwakataza raia wake karibu bastola zote.

Ndugu zangu, tukisoma sifa ya silaha yo yote, tuulize kwanza: msimulizi alisimama upande gani?