Ndege ya kwanza ya rimoti: Tazama bawa kabla ya rangi

MKAZI wa Thika au Ruiru anayetaka kununua ndege ya kuongozwa kwa rimoti kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi au mzazi wake, kwa kawaida huanza kwa kutazama picha. Huvutiwa na ndege ya kivita ya enzi za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ama jeti yenye mabawa yaliyochongoka kama mkuki. Hulipa, husubiri mzigo ufike kutoka ng'ambo, kisha huipoteza ndege hiyo katika dakika ya kwanza ya kuirusha.

Hasara hiyo ni zaidi ya pesa. Shule ya Upili ya Mang'u, iliyoko kati ya Juja na Thika, imejulikana kwa miaka mingi kwa kufundisha somo la teknolojia ya ndege, somo linalopatikana katika shule chache sana humu nchini. Kijana asiyeweza kulipia saa hata moja ya mafunzo ya urubani anaweza kujifunza kwa ndege ndogo kanuni zile zile za hewa ambazo ndege kubwa hutii. Akiivunja ya kwanza siku ya kwanza, mara nyingi hatapewa pesa za kununua ya pili.

Kitu cha kwanza cha kutazama, basi, ni bawa. Ndege ya mwanagenzi huwa na bawa refu na pana lililowekwa juu ya kiwiliwili, nazo ncha zake zimeinuka kidogo. Ndege ya namna hiyo ikiinama upande mmoja, huanza kuteleza kuelekea upande huo, na hewa hulipiga kwa nguvu zaidi bawa lililo chini na kulirudisha juu. Mwanagenzi akichanganyikiwa na kuachilia vijiti vya rimoti, ndege yenyewe hujaribu kusimama wima. Ile ya kivita iliyomvutia dukani ilibuniwa kwa nia tofauti: ikiinamishwa, hubaki imeinama hadi rubani airekebishe, na wakati huo inakwenda kasi.

Kuna jambo la pili ambalo maelezo ya kwenye kisanduku hayataji, nalo linahusu mahali tunapoishi. Miji ya Thika na Ruiru iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko hewa sanifu ya usawa wa bahari. Adhuhuri yenye joto la nyuzi 27, tofauti hiyo hukaribia asilimia 20. Hewa ikiwa nyepesi, propela husukuma kidogo, na ndege hulazimika kwenda kasi zaidi ili isianguke: kwa joto hilo, kasi ya chini kabisa inayoweza kuishikilia angani huongezeka kwa takriban asilimia 12. Ndege inayosifiwa na mtengenezaji wake kuwa ya polepole haitakuwa ya polepole kiasi hicho hapa kwetu.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa Thika anahitaji ndege nyepesi kwa bawa lake kuliko mnunuzi wa pwani. Hesabu yake si ngumu. Chukua bawa lenye urefu wa desimita 14, kutoka ncha hadi ncha, na upana wa desimita 2. Eneo lake ni desimita 28 za mraba. Ndege ikiwa na uzani wa gramu 1,100 pamoja na betri, kila desimita ya mraba inabeba gramu 39 hivi. Hicho ni kiwango kizuri. Ikikaribia 60, mwachie aliyekwisha kuhitimu.

Umbo pia lina maana, hasa kwa viwanja vyetu vya murami na nyasi ngumu. EasyStar ya kampuni ya Multiplex ya Ujerumani na AeroScout ya HobbyZone zimewekewa propela nyuma ya bawa. Zikitua kwa pua, propela haigusi ardhi. Zote mbili zimetengenezwa kwa povu gumu, kama lile linalozungushwa kwenye televisheni mpya, ambalo likivunjika hugundishwa mezani jioni ile ile. Ndege za mbao za balsa zinapendeza zaidi, na mwandishi huyu hawezi kukana uzuri wake, lakini kuzikarabati ni useremala wa siku kadhaa.

Kuhusu chaneli, yaani idadi ya vitu ambavyo rimoti inaweza kuongoza, tatu zinatosha kuanza: kasi ya mota, kibao cha mkiani kinachoinua au kushusha pua, na usukani wa mkia. Nne, zinazoongeza vibao vya kwenye bawa, ni bora kwa anayekusudia kuendelea. Ndege nyingi za kisasa huwa pia na kifaa cha kuzisawazisha zenyewe. Kifaa hicho ni msaada mkubwa katika upepo, mradi kiwe kinaweza kuzimwa kadiri mtu anavyojifunza. Hakioni mti wala nyaya.

Kabla ya kulipa, soma kwa makini kilichomo kisandukuni. Baadhi ya ndege huuzwa bila rimoti, bila betri au bila chaja, na bei inayoonekana nafuu hukoma kuwa nafuu hapo. Agiza propela za akiba na betri ya pili katika mzigo huo huo, kwa maana kipande kidogo kilichovunjika kinaweza kuiweka ndege kabatini kwa majuma kadhaa.

Betri zenyewe ni za lithiamu, na hazitaki mzaha. Zikitobolewa au zikichajiwa kupita kiasi huweza kulipuka moto. Ichaji kwa chaja yake, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na usiondoke chumbani wala kulala ikiwa bado inachajiwa. Iliyofura baada ya kuanguka isitumiwe tena.

Sheria nayo isisahaulike. Kanuni za mwaka wa 2020 kuhusu vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA), zinataka mmiliki awe ametimiza umri wa miaka 18, na chombo kisizidi futi 400, yaani takriban mita 120, wala kukaribia watu, magari au majengo kwa chini ya mita 50. Uagizaji kutoka nje unahitaji kibali. Watu wengi huzihusisha kanuni hizi na droni pekee. Mzazi na aiulize KCAA kabla ya kuagiza, kwa kuwa mzigo uliozuiliwa forodhani ni vigumu kuutetea kwa kusema ni mwanasesere.

Anga ya Ruiru haiko tupu. Agosti 7, 2025, ndege ya matibabu iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson ilianguka Mwihoko, na watu sita wakafariki, wawili kati yao wakiwa ardhini. Mkasa huo unatajwa hapa kwa sababu moja: wanaodhani kwamba juu ya paa zao hakupiti ndege wamekosea.

Mahali pa kurushia ndipo penye taabu zaidi. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yanageuka mitaa, na mananasi ya Thika ni mali ya kibinafsi yenye ulinzi mkali. Linalobaki ni kuomba ruhusa ya uwanja wa shule wakati wa likizo, mbali na nyaya za umeme. Ndege ikinasa kwenye nyaya, iache hapo na uwapigie simu wahudumu wa umeme. Usiiguse kwa mti wala kwa chuma.

Saa ni mapema asubuhi, kabla upepo haujaamka, na hewa ingali baridi na nzito. Mwewe pia huwa hajaanza kuzunguka. Lugha yetu imempa yeye na mtambo jina moja, na wakati mwingine naye huonekana kukubaliana nayo, akaushambulia.

Wiki mbili za mazoezi ya programu ya kuigiza urukaji kwenye kompyuta zitafundisha jambo linalowaangusha wengi: ndege ikikujia, kushoto na kulia hubadilishana. Njia rahisi ni kusukuma kijiti upande wa bawa lililoinama. Siku yenyewe, washa rimoti kwanza, kisha betri ya ndege; wakati wa kuzima, anza na ndege. Irushe ikielekea upepo, ipandishe hadi mita 40 au 50 kabla ya kuikunja, na uitue betri ingali na akiba, kwa sababu mara ya kwanza hutaipata njia ya kutua kwa jaribio moja.