Ikwalaiza ni ya kupunguza

Spika zinapopiga mluzi ukumbini, kishawishi ni kupandisha masafa mengine ili sauti ipate nguvu. Ni kinyume. Mluzi huzuka sauti ya spika inaporudi kwenye maiki na kukuzwa upya, tena katika masafa machache tu. Ikwalaiza ya vitelezi 31, kila kimoja kikishika theluthi ya okteva, inafaa kuyawinda hayo. Weka vyote sifuri, pandisha maiki taratibu hadi mluzi uanze kunyemelea, kisha shusha kitelezi husika desibeli 3 hadi 6. Watasema sauti itapwaya. Itapwaya ukishusha vitelezi kumi. Ukishusha vitatu, unapata nafasi ya kuongeza sauti yote. Na kama maiki imesimama mbele ya spika, hamisha spika kwanza. Hilo halitibiki kwa kitelezi.